Kiumbe wa sayari nyingine kwenye hadithi: sayansi iingie mpaka wapi?

Mwanashangani
Wakuu habari za jioni. Naandika hadithi ya viumbe wanaotua usiku pale ufukweni Msimbati, Mtwara, natuma vipande kwenye grupu la WhatsApp, sasa nimekwama kwa viumbe wenyewe. Njia ya kwanza nikokotoe kila kitu, mvutano wa sayari, hewa, chakula, daftari limejaa na hadithi haisogei. Ya pili niwape sura tu, mita nane, mfano wa sisimizi, basi. Ya tatu nichague kitu kimoja cha kisayansi alafu nifuate kinanipeleka wapi. Mngeenda na ipi?

FundiFizikia_Lindi
Ya pili hapana aisee, sisimizi wa mita nane atavunjika miguu siku hiyohiyo anatua. Ukimkuza mnyama mara 10 kila upande uzito unapanda mara 1000 ila uimara wa mguu unapanda mara 100 tu. Alafu wadudu hawana mapafu, hewa inapita kwenye vijitundu vya ubavuni, mwili ukiwa mkubwa oksijeni haifiki ndani. Ukitaka mrefu angalia yule mjusi wetu wa Tendaguru huku Lindi, yule dinosaria, Wajerumani walimchimba kati ya 1909 na 1913, yupo Berlin mpaka leo, mita 13 na ushee, cheki miguu yake ni nguzo tupu.

Dada_Mikindani
Kaka umejibu vizuri ila hadithi sio mtihani wa fomu foo. Mashetani ya Kimakonde mdomo unaweza kutokea gotini na sijawahi ona mtu kasimama mbele ya kinyago anauliza chakula kinapita wapi. Mi nikisoma nataka kuogopa kwanza. Kuna waandishi wanakupa kurasa tatu za hewa ya sayari, unaziruka unaenda kutafuta nani kafa.

FundiFizikia_Lindi
Kinyago unakitazama dakika mbili dada. Hii inatumwa vipande vipande, mtu ana wiki nzima ya kukaa anawaza, ataanza kuuliza tu.

Bamvua
Mi namba tatu, na wala usiende mbali, maji yakitoka nenda kamwangalie pweza. Mioyo mitatu, damu ya buluu kwasababu inabeba oksijeni kwa shaba sio kwa chuma kama yetu, neva zake nyingi zipo mikononi kwahiyo mkono unaamua mambo mengine wenyewe. Hivyo ni vizuri kwa sura, ila mi ningechukua ambacho watu hawakiwazi, pweza wetu huyu anaishi mwaka hivi, jike akitaga anakaa analinda mayai hali kitu, yakianguliwa anakufa, mtoto hamjui mama yake. Sasa mpe huyo akili ya binadamu uone. Hakuna bibi wa kumsimulia, hakuna jando wala unyago maana nani atamfunda nani, labda wanaachiana alama kwenye mawe na watoto wanajisomea. Na nyota ya karibu kabisa ukitoa jua ipo zaidi ya miaka 4 ya mwanga, yaani mwanga wenyewe unasafiri zaidi ya miaka 4 kufika, kwahiyo waliotua sio walioondoka, hata mmoja wao hajawahi kuiona kwao. Wafike Msimbati wamkute bibi wa miaka themanini anaokota chaza, watamuona yeye ndo wa ajabu. Hapo kemia hujagusa na msomaji yupo na wewe.

KoroshoMbichi
Mi naomba tu wawe wananunua korosho 😂

Mwanashangani
Hiyo ya bibi imeniua. Ila chombo wamekiundaje, chini ya maji moto hauwaki? Na nina mzee wao, kiongozi wa msafara, ameshaongea sana vipande vya mwanzo, siwezi kumfuta watu wameshamzoea.

FundiFizikia_Lindi
Moto rahisi, ipe sayari yao mwezi mkubwa au wa karibu, bamvua lake, yaani maji kujaa na kupwa sana, linaacha miamba mikavu masaa kadhaa, wanapanda kufua vyuma kwa zamu na maji yakirudi kazi inasimama. Ila usieleze, onyesha mtu anawahi maji.

Dada_Mikindani
Mzee asitoke! Awe yeye peke yake ambaye hajafa, na wenzake wanamuogopa.

FundiFizikia_Lindi
Dada hapo umegusa penyewe, na sayansi ipo. 1977 ulichapishwa utafiti, pweza majike waliotaga wakatolewa tezi mbili zilizo karibu na macho, wakaacha kulinda mayai, wakarudi kula na wakaishi zaidi. Kwahiyo mzee wako alipasuliwa.

Mwanashangani
Na nani??

Bamvua
Na mtu ambaye keshakufa, na watoto wake wamo humo humo kwenye chombo hawajui.

Dada_Mikindani
Mwanashangani zima data ukaandike.