Miezi 14 nauziwa dawa za usingizi hapa Dar, kumbe kila usiku pumzi yangu ilikuwa inakatika

Ndugu wanajamvi,

Naomba mnivumilie, maana malalamiko haya nimekaa nayo moyoni muda mrefu na leo nimeamua kuyatoa kwa utaratibu. Kwa miezi 14 nimezunguka jiji hili nikitafuta mtu wa kunitibu usingizi. Nimepita duka la dawa, hospitali binafsi, mshauri wa mtandaoni na mtaalamu wa dawa za asili, wote wamepokea fedha zangu, na hakuna hata mmoja aliyeuliza swali ambalo mke wangu angelijibu kwa nusu dakika: huyu mtu akishalala, anapumuaje?

Mimi ni mtunza ghala Kurasini, nakaa Ukonga, nina miaka 51. Nilikuwa nalala saa nne usiku na kuamka saa kumi alfajiri nikiwa nimechoka kama mtu aliyeshusha magunia usiku kucha, kinywa kikavu, kichwa kinauma, na katikati nimeshaamka mara nne kwenda kukojoa. Mchana nikawa nasinzia juu ya daftari la mapokezi ya mzigo hadi vijana wakaanza kunitania. Utani ulikwisha asubuhi moja katika foleni ya barabara ya Mandela, karibu na Uhasibu, nilipopitiwa na usingizi nikiwa kwenye usukani, mguu ukaachia breki, gari likasogea na kuigonga bajaji iliyokuwa mbele. Dereva wake alishuka akiwa amejiandaa kwa ugomvi, lakini aliponikuta bado nimeinamisha kichwa, aligonga kioo taratibu akasema, "Mzee, wewe hujalewa. Wewe unaumwa, nenda hospitali." Kwa hiyo ushauri wa kwanza wa maana niliupata barabarani, tena bila kulipia.

Kabla ya hospitali nilianzia duka la dawa la mtaani kwetu, kama wengi wetu tunavyofanya. Nilisema tu kwamba silali vizuri. Sikuombwa cheti cha daktari, wala sikuulizwa ninatumia dawa gani nyingine, ilhali wakati huo nilikuwa namezea presha vidonge viwili. Dada wa dukani alikata diazepamu kumi, akazifunga kwenye karatasi na kuniambia, "Meza kimoja ukienda kulala, baba, utalala kama mtoto." Ni kweli nililala. Mke wangu ndiye hakulala, kwa sababu anasema wiki ile nilikoroma na kunyamaza kuliko wakati wowote, na mara mbili alinitikisa akidhani nimekufa. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba dawa za aina hiyo hulegeza misuli, na misuli ya koo ni mojawapo. Mtu ambaye koo lake hujifunga anapolala huzidi kulegezwa pale pale palipo na tatizo, na ubongo unaotakiwa kumshtua ili avute hewa nao unakuwa mzito kushtuka. Dawa hiyo haitakiwi kuuzwa bila cheti, na sababu ndiyo hiyo.

Hospitalini daktari alinisikiliza macho yakiwa kwenye kompyuta. Mwanamume wa miaka 51 anayeamka mara nne kukojoa: akaandika kipimo cha sukari, kipimo cha mkojo na kipimo cha tezi dume. Vipimo hivyo sivilaumu, kwani maradhi hayo kweli humwamsha mtu usiku, na ningekuwa nayo leo ningekuwa namshukuru. Ninachokilalamikia ni kwamba majibu yalipotoka safi, udadisi nao ukaishia hapo. Niliongezewa kidonge cha tatu cha presha pamoja na dawa nyingine ya usingizi. Presha isiyoshuka kwa vidonge viwili, kukoroma, kwenda haja ndogo usiku na kusinzia mchana ni mambo yanayojulikana kuongozana, lakini kila moja lilishughulikiwa peke yake, mithili ya wapangaji wanne wa nyumba moja wasiofahamiana.

Ya mtaalamu wa dawa za asili nitayaruka. Chupa ipo, harufu ipo, nafuu haipo.

Huyu wa mtandaoni aliyejiita kocha wa usingizi ndiye aliyeniudhi zaidi, kwa sababu aliharibu jambo jema. Alitoza shilingi 120,000 kwa mazungumzo matatu ya simu, ambamo aliniagiza niache kahawa (sinywi kahawa), nizime simu mapema na ninywe maziwa ya moto. Nilipomuuliza amesomea wapi, alinitumia picha ya cheti chenye maua pembeni. Tiba ya mazungumzo kwa mtu anayekosa usingizi ni tiba halisi. Chama cha madaktari wa tiba ya ndani cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, kiliitaja kuwa ndiyo ya kuanza nayo kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi, kabla ya vidonge. Lakini hufanywa na mwanasaikolojia tiba au daktari aliyefundishwa, kwa wiki kadhaa, huku mgonjwa akiandika daftari la saa zake za kulala na kuamka. Tena humfaa mtu ambaye usingizi hauji au unamkimbia. Mimi usingizi ulikuwa unanifuata hadi barabarani.

Aliyetegua kitendawili ni mama watoto. Usiku mmoja aliweka simu kando ya mto akanirekodi, na asubuhi akaniambia, "Baba Neema, kaa usikilize." Nilisikia mkoromo unaopanda, kisha ukimya. Katika ukimya ule feni inasikika ikikwaruza, mbwa wa jirani anasikika, mimi sisikiki. Tulihesabu kwa saa ya ukutani sekunde 27, kisha ukaja mkwaruzo wa mtu anayeibuka kutoka majini, kisha mkoromo tena. Rekodi ya dakika 40 ilijaa hayo. Nilikuwa sijawahi kujiogopa kabla ya siku hiyo.

Kwa rekodi hiyo nilikwenda moja kwa moja kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Aliisikiliza dakika mbili, akamgeukia mke wangu kwanza. Kisha akaniuliza maswali 8 yaliyotungwa na madaktari wa Kanada na kuchapishwa mwaka 2008: kukoroma, uchovu wa mchana, kuonekana pumzi ikikatika, presha, uzito, umri unaozidi miaka 50, unene wa shingo na jinsia. Shingo aliipima kwa utepe kama fundi cherehani, akapata sentimita 43, wakati kiwango cha kutia shaka huanzia juu ya 40. Nilipata 7 kati ya 8, la uzito tu ndilo lililonipita. Usiku uliofuata nililala na mkanda kifuani, mpira puani na kifaa kidoleni. Majibu: pumzi yangu hukatika au kupungua mara 38 kwa saa. Chini ya mara 5 ni kawaida, kuanzia 30 ni hali kali.

Sasa nalala na mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijifunge. Wala si uvumbuzi wa jana, kwani Colin Sullivan na wenzake wa Sydney waliandika juu yake mwaka 1981, mimi nikiwa darasa la kwanza.

Kwa anayehangaika kama nilivyohangaika, naomba asiende popote kabla ya kumuuliza anayelala naye chumbani. Kama kuna mkoromo wenye vituo, aanze kwa daktari wa masikio, pua na koo au wa magonjwa ya mfumo wa upumuaji. Anayekesha akiwaza, angalau usiku mara tatu kwa wiki kwa miezi mitatu, njia yake ni mwanasaikolojia tiba au daktari wa afya ya akili, na asione aibu, kwani kwenda huko si kuwa mwendawazimu. Miguu inayotambaliwa na kitu usiku hadi lazima uitikise ni habari nyingine tena, ambayo wakati mwingine huhusiana na upungufu wa madini ya chuma, hivyo daktari wa kawaida anaweza kuanza kwa kupima damu. Anayeanguka usingizini ghafla katikati ya mazungumzo atafute daktari wa mishipa ya fahamu. Na yeyote anayejiita daktari, ulizeni namba yake ya usajili katika Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kutuma fedha.

Wiki iliyopita nilirudi lile duka la dawa na diazepamu zilizobaki, nikitaka kumweleza dada yule kwa upole alichonifanyia. Nilipoziweka tu mezani, kabla sijafungua kinywa, aliniuliza kama nataka zenye nguvu zaidi.

Barua ya malalamiko kwa Baraza la Famasi nimeshaiandika na kesho naipeleka. Ikijibiwa, nitaleta majibu hapahapa kwenye uzi huu.