Kuhamisha MB 20 kutoka XT: siriali, flopi au kadi ya mtandao?

KeboNyeupe: Wakuu, nina IBM PC XT, kompyuta ya miaka ya 1980, yenye diski ngumu ya MB 20. Bado inazunguka, lakini mlio wake haunipi imani, nataka kutoa kila kitu mapema. Njia ni tatu: waya wa siriali (unaopeleka biti moja baada ya nyingine), flopi za KB 360, au kadi ya mtandao. Kinachonichanganya ni vipimo. Huku baudi, kule kilobaiti, kwingine megabiti. Ipi ina kasi kweli?

MzeeWaBiti: Zigeuze zote ziwe baiti kwa sekunde, ubishi utaisha. Kwenye siriali, kila baiti husafiri na biti moja ya kuanza na moja ya kumaliza, kwa hiyo gawa biti kwa 10, usigawe kwa zile 8 za baiti yenyewe. Kasi ya biti 9600 kwa sekunde inakupa baiti 960 kwa sekunde. Kwa baiti milioni 20, hiyo ni karibu saa tano na dakika 47. Ukipandisha hadi 115,200 unapata baiti 11,520, dakika 29 hivi. Kadi ya mtandao, yaani Etheneti ya megabiti 10 kwa sekunde, ni baiti 1,250,000: sekunde 16, kwenye karatasi.

Nukta_Mkato: Na baudi si biti, jamani. Baudi ni idadi ya mabadiliko ya mawimbi kwa sekunde. Modemu (kifaa cha kupeleka data kwa laini ya simu) ya kiwango cha V.22bis hupeleka biti 2400 kwa sekunde ikiwa na baudi 600 tu, kwa sababu kila badiliko hubeba biti nne.

MzeeWaBiti: Kweli kwa modemu. Yeye anaunganisha waya moja kwa moja, hapo baudi na biti ni namba ileile.

SektaTisa: Flopi msizidharau. Nyimbo 40 (yaani miduara ya data kwenye sahani), pande mbili, sekta (vipande) 9 kila wimbo, baiti 512 kila sekta: jumla baiti 368,640. Inazunguka mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kwa sekunde, hivyo hata kichwa cha kusomea kisipopoteza muda wowote kusoma yote ni sekunde 16. Kuandika kwenye XT sekunde 16, kusoma kwenye kompyuta ya pili 16 nyingine. Anahitaji flopi 55. Zidisha: dakika 29 na ushee! Sawasawa na siriali ya 115,200.

BintiSaketi: Hapo hujaweka muda wa kuchomoa na kuchomeka, wala flopi itakayogoma katikati. Mimi flopi ningeziacha kabisa.

Ila hiyo 115,200 nayo ina masharti. Porti za siriali za enzi hizo hutumia chipu ya 8250, inayoshika baiti moja tu iliyopokelewa. Kwa kasi hiyo baiti mpya inaingia kila mikrosekunde 87, na kwa prosesa ya MHz 4.77 hiyo ni mizunguko kama 414. Prosesa hiyo, 8088, ikichelewa kidogo tu, baiti inapotea. Kutuma ni nafuu kuliko kupokea, na mkuu anatoa data, haingizi, ila bado ningeanza na 38,400: baiti 3,840 kwa sekunde, saa moja na dakika 27. Unaiacha inafanya kazi yake.

KeboNyeupe: Kwa hiyo kadi ya mtandao imeshinda? Sekunde 16!

MzeeWaBiti: Haitafika huko. Angalia diski yenyewe. Wimbo mmoja una sekta 17, yaani baiti 8,704, na diski inazunguka mara 60 kwa sekunde. Ingekuwa inasoma mfululizo ungepata baiti 522,240. Lakini kidhibiti cha diski cha XT hakiwezi kumeza sekta zinazofuatana, ndiyo maana zilipangwa kwa kurukaruka, kwa kawaida sita kwa moja. Inachukua mizunguko sita kumaliza wimbo mmoja, unabaki na baiti 87,040. Kwa MB 20 ni karibu dakika nne, hata kadi iwe na kasi ya radi.

Kaseti48: Nje ya mada kidogo: ZX Spectrum, kompyuta ya nyumbani ya zamani iliyohifadhi data kwenye kaseti, ilikuwa na kichekesho chake. Kwenye kaseti, biti ya 1 ilichukua muda mara mbili ya biti ya 0, kwa hiyo kasi ilitegemea unahifadhi nini. Sifuri na moja zikilingana ni biti 1365 hivi kwa sekunde, kama baiti 170. Na kiendeshi cha flopi cha 1541 cha Commodore 64, kompyuta nyingine ya nyumbani, bila programu ya kukiharakisha kilikuwa kwenye baiti 300 hadi 400 tu! Flopi ilisomwa haraka, waya wa kwenda kwenye kompyuta ndio uliobana.

KeboNyeupe: Dakika nne zinanitosha. Kadi ya mtandao ya NE2000 itaingia?

BintiSaketi: Hiyo ni ya biti 16, na XT ina nafasi za biti 8 tu. Tafuta NE1000, ambayo ni ya biti 8. Halafu kumbuka, programu ya kuiendesha kadi lazima iingie kwenye XT kwanza, kwa flopi au kwa siriali. Waya wa siriali utauhitaji vyovyote vile, mkuu, kwa hiyo anza nao leo kwa faili muhimu wakati kadi inatafutwa.