Msaada: kipimo kinasema hewa kavu, miche inaoza shingo

Mpangaji wa Ipagala:
Habari zenu wakuu. Niko Dodoma, nimepanga. Mwezi uliopita niliotesha hoho na nyanya kwenye trei nje, kuku wa mwenye nyumba wakazimaliza asubuhi moja. Kumsema mwenye nyumba siwezi, mnajua wenyewe. Nikahamishia kilimo ndani, kwenye kachumba ka stoo.

Nina trei mbili za mashimo 128, makumbi ya nazi yaliyosagwa nimechanganya na mboji. Juu nimefunga taa mbili nyeupe za LED za futi nne, wati 18 kila moja, ziko kama mita moja kutoka kwenye trei. Nawasha masaa 16. Dirisha lipo, ila dogo.

Nikanunua kile kipimo kidogo cha joto na unyevu wa hewa, nikakining'iniza kwenye waya wa taa. Mchana kinasoma nyuzi 34, unyevu asilimia 38. Niliambiwa miche inataka unyevu wa 60 kwenda juu, basi nikafunika trei kwa nailoni, nikaning'iniza kanga mbichi na kunyunyiza maji mara tatu kwa siku. Kipimo hakipandi hata kidogo! Na miche imerefuka kama uzi, imelalia upande wa dirishani. Mingine inaanguka, shina pale kwenye udongo linakuwa jeusi na laini.

Kipimo ni kibovu? Ninunue kingine au nitengeneze cha Arduino, ile bodi ndogo ya kujiundia vifaa vya elektroniki? Na mwanga unapimwaje? Natanguliza shukrani.

Chuma Ulete:
Taa masaa 16 ndani ya stoo... mkuu hiyo ni hoho kweli? 😂

Mpangaji wa Ipagala:
Hoho mkuu, karibu uje uhakikishe. Njoo na kuku wako tu.

Dogo Janja wa Pembejeo:
Piga dawa ya ukungu haraka, mwaga kwenye udongo wote. Hayo mengine ya vipimo ni mbwembwe.

Mama Miche:
Wewe wa dawa subiri kwanza. Shingo nyeusi na laini ni kinyausi. Vimelea vyake vinakaa kwenye udongo na vinapenda maji mengi na hewa iliyosimama, na mwenzetu amevipa vyote viwili: amenyunyiza mara tatu halafu akafunika nailoni. Ukimwaga dawa na nailoni ukaiacha, wiki ijayo mtarudi hapa hapa.

Mwanangu, toa nailoni leo. Iliyoanguka ing'oe na udongo wake uitupe mbali, haiponi hiyo. Maji mwagilia asubuhi tu, tena kwa chini: weka trei kwenye beseni lenye maji kidogo, ukiona juu pamelowa toa. Mboji kama haikuiva vizuri nayo ina mchango wake. Mimi zamani nilikuwa naipika kwa mvuke kwenye sufuria kuu kuu, mume wangu akilalamika nyumba nzima inanuka shamba.

Fundi Redio:
Naomba nijibu swali la kipimo, kwa sababu naona hapo ndipo kosa lilipoanzia. Stoo yako ina dari?

Mpangaji wa Ipagala:
Haina, ni mabati moja kwa moja.

Fundi Redio:
Nilijua. Mkuu, umepima hewa ya chini ya bati. Miche haiishi huko juu.

Asilimia ya unyevu haikwambii hewa ina maji kiasi gani. Inakwambia imejaa kiasi gani kulingana na joto lake, na hewa ikipata joto inaweza kubeba mvuke mwingi zaidi. Kwa hiyo mvuke ule ule unaosomeka 38 kwenye nyuzi 34, ukiupima penye nyuzi 27 unasomeka kama 57. Hujaongeza tone. Sasa weka juu yake udongo uliolowa na nailoni, humo ndani ilikuwa inakaribia 100 wakati wewe unahangaika na kanga.

Kishushe kipimo kikae kwenye usawa wa majani, mbali na dirisha, na taa isikipige moja kwa moja: kata boksi dogo jeupe lenye matundu ukifunike, hewa ipite. Halafu tafuta kitufe cha MAX/MIN, vingi vinacho. Wewe mchana uko kazini, hicho ndicho kitakwambia saa tisa kulikuwaje na alfajiri kulikuwaje.

Kujua kama ni kibovu, kipime kwa chumvi. Kizibo cha soda, jaza chumvi ya mezani, dondoshea maji iwe tope zito, isiyeyuke yote. Weka kizibo na kipimo ndani ya deli la plastiki, vifunge pamoja bila kugusana, uache kutwa na usiku kwenye joto lisilobadilikabadilika. Hewa ya humo itatulia kwenye 75. Kikisoma 70, unajua kila siku utaongeza 5.

Ya Arduino: usinunue sensa ya DHT11, ile ya bluu. Yenyewe imeandikiwa kukosea nyuzi 2 na unyevu asilimia 5. DHT22, ile nyeupe, inakosea nusu nyuzi na kama asilimia 2 hivi. Ila nakushauri usitengeneze chochote mpaka miche ipone. Mimi nina sensa sita mezani na mmea mmoja, nao ni mshubiri.

Mama Miche:
Kama hutaki kununua kabisa, chukua vipimajoto viwili vya kioo vinavyofanana. Kimoja kivishe kitambaa cha pamba kibichi kwenye kitako, vipepee dakika kadhaa, usome vyote. Kikavu kikisema 30 na kibichi 25, unyevu ni kama 67. Vikikaribiana hewa imejaa, vikiachana sana ni kavu. Tulifundishwa hivyo kabla ya hizo sensa zenu.

Mpangaji wa Ipagala:
Asanteni sana. Nimeelewa nilikuwa napigana na bati. Na mwanga je?

Fundi Redio:
Mwanga ndio ugonjwa wako wa pili. Mche unaorefuka na kulala upande mmoja unautafuta.

Macho yatakudanganya, yanazoea. Shusha programu ya kupima luksi, yaani ukali wa mwanga kwa jicho, kwenye simu ya Android, ilaze juu ya trei kioo kikitazama taa, maana kihisi kiko karibu na kamera ya mbele. Simu zinatofautiana, usiichukulie namba kama Biblia, lakini kwa kulinganisha hapa na pale inatosha.

Mpangaji wa Ipagala:
Kwenye trei 740. Nimetoka nje saa sita mchana, imegoma kwenye elfu 60 na kitu.

Fundi Redio:
Imefika mwisho wa uwezo wake. Jua la mchana ni kama laki moja. Hiyo 740 ni mwanga wa kusomea gazeti.

Mmea hauhesabu kama jicho linavyohesabu, lakini kwa LED nyeupe hesabu ya mtaani ni hii: gawa luksi kwa 70 upate maikromoli, kipimo cha mwanga unaotumiwa na mmea, kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, zidisha kwa masaa ya taa, zidisha kwa 0.0036 upate moli za siku nzima. Yako inakuja moli 0.6 kwa siku. Miche ya nyanya inataka 10 au zaidi. Kwa masaa 16 ni kama luksi elfu 12.

Shusha taa mpaka sentimita 15 juu ya majani, na uongeze mbili nyingine kwa kubananisha. LED za namna hiyo haziunguzi, weka mkono kama huamini.

Babu wa Bustani:
Vijana, mko Dodoma. Jua linamwagwa bure mnalipia LUKU. Funga kibanda cha wavu wa kuku, juu weka neti ya kivuli ya nusu kwa nusu, umemaliza.

Mpangaji wa Ipagala:
Shikamoo babu. Nguzo kwenye uwanja wa mwenye nyumba lazima niombe ruhusa, na wale kuku ndio watoto wake.

Babu wa Bustani:
Marahaba. Basi otesha ndani, ila siku kumi za mwisho uitoe nje kidogo kidogo, saa moja, mbili, tatu. Mche wa stoo ukiupeleka shamba ghafla jua litaubabua ukawa mweupe.

Mpangaji wa Ipagala:
Mrejesho, siku ya kumi na moja. Chumvi ilitoa 69, kwa hiyo naongeza 6. Kwenye usawa wa trei mchana nyuzi 29, unyevu 64 baada ya kuongeza, na kitufe cha MAX kilinionyesha siku moja joto limefika 33, nikaweka kafeni kadogo kanakopepea ukutani. Taa nne, sentimita 15, simu inasema 11,400 katikati na 7,000 pembeni, basi nazungusha trei kila asubuhi. Mashimo 90 na kitu yalikufa kabla. Tangu nitoe nailoni umeanguka mmoja. Ile iliyokuwa uzi haikurudi kuwa minene, nimeotesha upya nusu ya trei, na hii mipya ni mifupi, imesimama.

Tatizo jipya: LUKU tuna mita moja na mwenye nyumba, jana kaniuliza uniti zinaenda wapi.

Fundi Redio:
Taa nne mara 18 mara masaa 16, ni uniti 1.15 kwa siku. Mpelekee hesabu kabla hajakuja na yake.

Mpangaji wa Ipagala:
Nimempelekea. Kakubali nimrudishie hela za uniti, ila anataka miche ishirini ya nyanya. Nikamuuliza ataipanda wapi na kuku wale. Kasema atawafungia.

Babu wa Bustani:
😂😂 Kumbe banda analo!