Mjadala: Picha za Prince alizochapa Andy Warhol, je, mpiga picha alistahili malipo?

Mleta mada:
Mwaka 1981 mpiga picha Lynn Goldsmith alimpiga picha mwanamuziki Prince. Miaka mitatu baadaye jarida la Vanity Fair lililipa dola 400 ili picha mojawapo iwe kielelezo cha mchoro, kwa sharti kwamba itumike mara moja tu na jina la mpiga picha litajwe. Kazi ya kuchora akapewa msanii Andy Warhol, ambaye alitoa sura ya zambarau iliyotokea jaridani, kisha, bila Goldsmith kuwa na habari, akatengeneza nyingine 15, nyingi zikiwa zimechapwa kwa skrini ya hariri (ufundi ambao hata wachapaji wetu wa fulana wanaufahamu vizuri). Prince alipofariki mwaka 2016, kampuni ya Condé Nast, mmiliki wa Vanity Fair, iliulipa Wakfu wa Warhol, unaosimamia kazi zake, dola 10,250 ili sura ya rangi ya chungwa iwekwe kwenye jalada la toleo maalumu. Goldsmith hakupata hata senti moja, wala jina lake halikuandikwa.

Tarehe 18 Mei 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 7 dhidi ya 2, iliukubali upande wa Goldsmith katika kesi kati yake na Wakfu huo. Naunga mkono uamuzi huo, kwa sababu siku ile jaridani sura ya Warhol ilifanya kazi ileile ambayo picha ya Goldsmith ingeifanya, nayo ni kumwonyesha Prince kwa wasomaji wa habari zake.

Mchangiaji:
Ndugu mleta mada, hapo ninatofautiana nawe. Warhol aliondoa kiwiliwili akabakiza kichwa kinachoelea, akafuta vivuli, akapaka rangi ambazo hakuna ngozi ya binadamu iliyo nazo, hata kijana aliyeonekana mnyonge mbele ya kamera akageuka kinyago cha umaarufu. Jaji Elena Kagan, aliyepinga uamuzi huo pamoja na Jaji Mkuu John Roberts, alikumbusha kwamba mchoraji Francis Bacon naye aliwachora mapapa wake kutokana na mchoro wa papa wa Velázquez, mchoraji wa kale wa Hispania. Wakfu tajiri utamudu kulipa. Mchoraji chipukizi anayejifunza kwa picha za magazetini atamlipa nani, na kwa fedha ipi?

Mleta mada:
Hofu yako kuhusu chipukizi ina uzito, lakini mfano wa Bacon haukai sawa, kwa kuwa Velázquez alifariki mwaka 1660 na hakuwa na soko la kupoteza. Tena mahakama haikusema lolote kuhusu kuzitengeneza sura zile au kuzitundika katika makumbusho. Iliangalia leseni ile ya Condé Nast peke yake. Hata michoro ya Warhol ya makopo ya supu ya Campbell's iliitofautisha, kwa hoja kwamba nembo ya kopo ipo ili kuuza supu, ilhali mchoro wa Warhol hauuzi supu.

Wala Warhol hakuwa mgeni wa jambo hili. Michoro yake ya maua ya mwaka 1964 ilitokana na picha ya mpiga picha Patricia Caulfield iliyotoka katika jarida. Caulfield alimshtaki, na shauri likamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama. Kwa hiyo nakuuliza, ndugu yangu: mtu aliyekwisha kudaiwa namna hiyo, ilimgharimu nini kumwomba Goldsmith ruhusa ya zile 15?