Masta ya uhandisi ujenzi: aunganishe tu au aende saiti kwanza?

Mwana Mikindani: Wadau habarini. Mdogo wangu kamaliza digrii ya uhandisi ujenzi, yupo tu nyumbani. Baba anasema korosho za msimu huu zikiuzwa atamlipia ada ya masta, mjomba anapinga, anataka dogo aende saiti hata kwa hela ya nauli. Nyie mnaonaje?

Nondo 16: Saiti kwanza. Bodi ya usajili wa wahandisi yenyewe haidai masta, inataka digrii na miaka isiyopungua mitatu ya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Nimewahi kumwaga zege na mtu ana masta, fundi anazidisha maji kwenye mchanganyiko ili lishuke kirahisi, yeye kasimama anatazama, koni ya kupimia slampu, yaani zege limelegea kiasi gani, ipo hapo miguuni kwake hata haijalowa. Halafu watu wa Kusini hela ya korosho mnajua kuimwaga, ikifika mwezi wa pili mnakopa.

Mama Tandahimba: Kaka hapo kwenye korosho umenichoma. Mie nimesomesha watoto watatu kwa korosho hizohizo. Naamka alfajiri kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, mpaka macho yanawaka, mzigo napeleka chama cha msingi, nakaa nasubiri mnada. Hiyo ya kumwaga ipo wapi?

Nondo 16: Mama sikukusema wewe. Ila minada ikianza pikipiki mpya zinavyojaa barabarani tunaziona.

Mama Tandahimba: Pikipiki ndiyo inayobeba mgonjwa huku! Lami ya kutoka Mtwara kupitia Newala mpaka Masasi, kilomita 210, tumeisubiri tangu lini?

Wa Kilwa: Mbona tumehamia kwenye pikipiki? Mimi nasema asome, tena masta ya mambo ya maji. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ya Dar ilikatika huku kwetu Somanga, mabasi yakapanga foleni pande zote mbili, watu wamelala humo na watoto. Kujua mvua kubwa inayokuja mara moja kwa miaka 50 au 100 itasukuma maji kiasi gani, na kalavati la kupitisha maji chini ya barabara liwe na upana gani, hiyo fundi hakufundishi.

Nondo 16: Kwani waliochora hayo makalavati hawakusoma?

Wa Kilwa: Bro jibu hoja. Digrii ya kwanza hayo mambo unayapitia muhula mmoja unafaulu mtihani unasahau. Sisi ndio tunaobaki na barabara imekatika.

Mama Tandahimba: Mwanangu alikuwa kwenye basi mojawapo. Nauli ilikuwa hela ya korosho, kaka.

Mwana Mikindani: Jamani mdogo wangu. Mjomba kamtafutia nafasi kwenye kalavati njia ya Masasi, anaanza Jumatatu, na baba kanuna hasemi na mtu. Nondo, hiyo koni inatumikaje? Dogo anasema chuoni walikuwa wanaishika kwa zamu, yeye aliishika mara moja tu.

Nondo 16: Ailoweshe kwanza. Ajaze kwa safu tatu, kila safu aishindilie kwa fimbo mara 25, akwangue juu, anyanyue wima taratibu, apime zege limeshuka kiasi gani. Na lori likifika afanye kabla fundi hajagusa maji, asione aibu.

Mama Tandahimba: Asante kwa kumsaidia mtoto. Mimi bado sijaombwa radhi.