Bafu la sm 150 kwa 240: choo, shawa na sinki vikae wapi?

mjenzi_mpya
Habari wakuu. Nina chumba cha bafu, kuta bado tofali tupu, sm 150 kwa 240. Mlango uko ukuta mfupi, dirisha ukuta mfupi wa pili, chemba iko nje ya ukuta mrefu wa kushoto. Nataka choo cha kukaa, shawa na sinki la kunawia. Fundi bomba anakaribia kuanza. Nimpe vipimo gani?

kipimo_kwanza
Mkuu, sahau hiyo 150 kwa 240. Lipu, gundi na vigae vitakula kama sm 3 kila ukuta, utabaki na 144 kwa 234. Vyote vipange ukuta wa kushoto ili mabomba yawe mafupi: sinki karibu na mlango sm 68, choo katikati sm 76, shawa chini ya dirisha sm 90. Jumla 234. Choo hakitaki chini ya sm 38 kutoka katikati yake hadi kitu cha jirani, la sivyo viwiko vitagonga kioo cha shawa. Choo chenye urefu wa sm 70 kitakuachia sm 74 mbele, inatosha.

Mlango wa sm 70 uweke bawaba upande wa kulia, ulale kwenye ukuta usio na kitu. Ukiweza ufungukie nje, bora zaidi: mtu akianguka ndani hatauziba.

mjenzi_mpya
Asante sana. Tundu la choo je?

kipimo_kwanza
Nunua choo kwanza, ndipo utoboe. Vingi vinavyotoa uchafu chini hutaka sm 30 kutoka ukuta uliokwisha vigae hadi katikati ya bomba. Kwako ni sm 33 kutoka tofali la kushoto, na sm 109 kutoka tofali la ukuta wa mlango. Fundi akipima 30 kwenye tofali, vigae vikishabandikwa tangi la choo litagoma kuingia. Kwa vinavyotoa uchafu nyuma, katikati ya tundu huwa kama sm 18 juu ya sakafu iliyokamilika.

bomba_na_chemba
Naongezea upande wa maji machafu. Choo mm 110, shawa mm 50, sinki mm 40. Mteremko wa bomba la choo uwe kati ya 1 kwa 60 na 1 kwa 40. Bomba la mita 3 lishuke sm 5 hadi 7.5. Lisilale, wala lisiwe na tumbo katikati, maana uchafu hutua hapo hapo. Kona moja ya nyuzi 90 ndani ya zege ikatae, tumia mbili za 45.

Na bomba la hewa jamani! Linaachwa sana kwa kuonekana urembo. Bila hilo, choo kikifyonza kinavuta maji ya trapu ya shawa (kona ya bomba inayoshika maji ya kuzuia harufu); unasikia inakoroma, halafu harufu inaingia. Lipandishe hadi juu ya paa.

sakafu_kavu
Sakafu ya bafu iwe chini ya korido kwa sm 2 hivi. Ndani ya shawa mteremko sm 2 kwa kila mita. Hapa chaguo la vigae lina maana: kigae cha 60 kwa 60 hakikubali miteremko minne inayokutana kwenye tundu la katikati, utalazimika kukikata mshazari. Ama tumia vigae vidogo, ama weka mfereji mrefu sakafuni kando ya ukuta ili maji yashuke upande mmoja tu.

Dawa ya kuzuia maji ipake mikono miwili, yaani mara mbili: sakafu yote, ipande sm 15 ukutani, na kwenye shawa hadi mita 2. Kwenye pembe bandika utepe wake kwanza, nyufa huanzia hapo. Ikikauka, ziba tundu, jaza maji sm 2 hadi 3, acha saa 24. Maji yakishuka au dari ya chini ikitota, vigae visibandikwe.

Koki ya shawa mita 1.1, kichwa chake mita 2.1, sinki sm 85, vyote kutoka sakafu iliyokamilika. Soketi iwe mbali na shawa kadiri chumba kinavyoruhusu.