Naomba ushauri: nitatathmini vipi gemu za aina nisiyoipenda?

Wakuu, habari za jioni. Nina banda la gemu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Kila wiki nabandika ukutani tathmini fupi ya gemu moja, na alama kati ya 10. Vijana wanaisoma kabla ya kulipia.

Tatizo ni mimi mwenyewe. Nimekulia kwenye gemu za mpira na ngumi; Tekken 8 niliipa 9 bila kujiuliza. Civilization VI, gemu ya mikakati ya kujenga dola kwa zamu, nikaipa 4, nikaandika "inachosha, unasubiri zamu tu." Mwanachuo mmoja akanikamata: gemu ya zamu unailaumu kwa kuwa na zamu? Basi laumu na bao la kete kwa kukosa kipa! Watu walicheka, mimi nikajifanya natengeneza pedi ya kuchezea.

Nimerudi kuicheza saa 15 zaidi. Sasa naelewa kwa nini watu wanakesha nayo, ila alama imepanda hadi 6 tu, na sijui kama hiyo ni haki au ni aibu. Nimewaza pia mtindo wa jarida la Famitsu la Japani: watu 4, kila mmoja anatoa alama zake kati ya 10, jumla 40. Lakini wapenzi wa gemu za mikakati nawajua wawili, na mmoja yuko Tukuyu.

Je, nimwachie mpenzi wa aina hiyo aandike, ingawa naye ataipendelea? Au niandike mwenyewe, niseme wazi si aina yangu, na alama niziache kabisa?